Ninavyosaka muziki mpya wa nchi jirani kwa kipindi cha saa moja

Kipindi cha redio cha saa moja kinakula nyimbo 12 hivi, ukiacha nafasi ya maelezo. Kinachoviharibu vipindi vingi vya aina hii ni kuanzia kwenye majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki. Mapendekezo yake yanafuata mambo uliyokwisha kuyasikiliza, pamoja na yale yanayopendwa na watu wa upande wako. Kwa hiyo unaletewa wale wale waliokwisha kuvuka mpaka zamani.

Mimi naanzia Bandcamp, tovuti ambayo wasanii huuzia muziki wao wenyewe. Natafuta kwa jina la mji, si la nchi, kwa kuwa wasanii hujiandikia wenyewe mahali walipo na wengi huandika mji. Mji mkuu ukiisha, naingia wa pili na wa tatu, kisha miji ya ng'ambo walikohamia vijana wa nchi hiyo. Napanga matokeo kuanzia yaliyotoka karibuni, maana yanayouzwa sana yatajitokeza yenyewe.

Nikipata albamu moja nzuri, hapo ndipo kazi inapoanza. Chini ya picha ya jalada kuna vipicha vidogo vya watu walioinunua. Nabofya kimoja, naona kila alichonunua mtu huyo. Mnunuzi mwenye albamu sita za nchi hiyo ananifaa kuliko orodha yoyote iliyopangwa na kampuni. Kisha nasoma maelezo ya albamu hadi mstari wa mwisho: nani alirekodi, nani alichanganya sauti, nani aliimalizia. Jina moja likijirudia kwenye rekodi tatu, nimeshapata studio, na studio ndogo huwa na kundi zima la wasanii wanaofahamiana. Mabango ya matamasha nayo nayasoma kutoka chini, kwenye herufi ndogo, wanakoandikwa wasiojulikana sana.

Siku ya kutoa muziki duniani ni Ijumaa tangu Julai 2015, ingawa wanaojitegemea hawabanwi nayo. Nasikiliza Jumamosi, nyimbo 40 kwa mkupuo, na zinazobaki ni tano au sita.

Kuwa mwangalifu na msimbo wa ISRC, yaani utambulisho wa kila rekodi. Una herufi na tarakimu 12, na watu hudhani mbili za mwanzo zinataja nchi ya msanii. Hapana. Msanii anayepeleka kazi yake kupitia msambazaji wa mtandaoni anaweza kupewa msimbo unaoanza na QZ, uliotoka Marekani, hata kama hajawahi kukanyaga huko. Asili ya msanii muulize mwenyewe.

Wimbo naununua, siuchukui kwenye video. Sauti unayoisikia bure Bandcamp ni MP3, faili iliyobanwa hadi ikapoteza sehemu ya sauti, ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde). Ukinunua unapata WAV au FLAC, faili zisizopoteza ubora. FLAC hubeba jina la msanii na la wimbo ndani yake vizuri zaidi. WAV mara nyingi hufika kwenye mitambo ya kituo bila taarifa hizo, kwa hiyo naziandika kwenye jina la faili. Msanii akinitumia WAV kwa baruapepe, naifungua kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, nitazame spektrogramu, yaani picha ya rangi inayoonyesha masafa ya sauti. Rangi zikikatika kama kwa rula karibu na kHz 16, hiyo ni MP3 iliyovalishwa koti la WAV, na naomba nyingine. Mwisho nasawazisha ukubwa wa sauti. Kipimo cha EBU R 128, mwongozo wa watangazaji wa Ulaya, ni LUFS -23 (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti). Kituo chako kikiwa na chake, fuata hicho.

Ujumbe wangu kwa msanii hauzidi mistari mitano, na nauandika kwa lugha yake nikiweza. Naomba majina ya watunzi wote, ambayo hukosekana karibu kila mara na bila hayo ripoti ya mirabaha haikamiliki. Naomba ruhusa ya kuweka kipindi mtandaoni baada ya kurushwa, maana leseni ya kituo mara nyingi inahusu matangazo ya hewani tu. Naomba pia anirekodie sekunde kumi akitamka jina lake na la wimbo. Nalisikiliza mara tatu, nalitamka kwa sauti, ndipo naingia studio.

Maneno yakiwa kwa lugha nisiyoielewa, nampa mzungumzaji wa lugha hiyo asikilize wimbo wote. Tafsiri ya mashine hupitwa na misemo ya mtaani, na matusi huishi humo humo. Kuna tusi? Naomba toleo la redio, lisilo na tusi hilo. Wengi wanaorekodi nyumbani bado wana faili za mradi, na hulituma ndani ya siku mbili.