Ng'ambo ya Rusumo

Basi liliondoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, alfajiri, likavuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, likaipita Geita, likaipita Biharamulo, na jua lilipoanza kuinama nikashuka Benako. Ilikuwa Julai 2018. Begani nilikuwa na begi la nguo, na mkononi mfuko wa rambo uliojaa pipi, biskuti na mipira midogo. Nilikuwa nakwenda Rwanda, wilaya ya Kirehe, kujitolea miezi mitatu na shirika linalohudumia watoto yatima. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Njia nzima nilikuwa najiona nimekaa uwanjani kwenye kituo, watoto wamenizunguka, nawafundisha nyimbo.

Kutoka Benako hadi mpakani si mbali. Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi Ngara mwaka 1994, na hadithi ya njia ile nimeisikia tangu utoto. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, ndani ya siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania, wakikimbia mauaji ya kimbari na vita. Yeye akisimulia haanzi na umati. Anaanza na watoto waliofika wameshikilia nguo za watu wasiowajua, wakiulizwa mama yuko wapi wanageuka kutazama nyuma. Nilipofika darajani nikasimama kidogo. Kagera ilikuwa inaporomoka chini yangu, maji ya rangi ya udongo, kelele tupu. Nikaendelea.

Upande wa Rwanda, ofisa alitazama pasi yangu, kisha akatazama rambo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwao tangu 2008. Hakunifokea, alinionyesha pipa tu. Nikafungasha pipi zangu kwenye kitenge. Kuanzia hapo magari yanapita kulia, na saa inarudi nyuma saa nzima.

Kesho yake ofisini nilipokelewa na dada wa ustawi wa jamii, Kiswahili chake kimenyooka. Akauliza, "Mwalimu, hizi pipi za nani?" Nikamwambia za watoto wa kituoni.

"Kituo kilishafungwa," akasema. "Watoto wako nyumbani."

Akanieleza taratibu. Walipofanya hesabu mwaka 2012 walikuta watoto na vijana zaidi ya 3,300 katika vituo 33 nchi nzima. Wengi wao hawakuwa peke yao duniani: mama yupo, au babu, au shangazi kijiji cha pili. Waliofikishwa kituoni walifikishwa na umaskini, maradhi, au baba kuoa mke mwingine. Serikali ikaamua watoto warudi kwenye familia. Mpango wenyewe unaitwa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, na asiye na ndugu hutafutiwa mlezi aliyefunzwa na kupimwa. Walezi hao wanaitwa Malayika Murinzi. Hilo halikuhitaji tafsiri.

Nilinyamaza. Nimewahi kufundisha nyumbani kwetu kwenye kituo ambako wageni walikuja kila mwezi. Wanakaa wiki, wanabeba watoto mgongoni, wanapiga picha, wanaondoka. Watoto wale walikuwa wanamkimbilia mtu yeyote anayefungua geti, mtu yeyote, wanamkumbatia kabla hawajamjua jina. Miaka yote ile niliuita huo upendo. Dada yule aliponiambia kuwa mtoto aliyetulia kwao hamkimbilii mgeni, nilijisikia vibaya sana, na mpaka leo sijaisahau ile sauti yake ya upole.

Kazi yangu ikawa kutembea. Asubuhi tunapanda pikipiki, abiria naye na kofia yake ngumu, tunapita Nyakarambi tunaingia vijijini, kwenye migomba na vumbi jekundu. Tunamwona mtoto, tunamwona mwalimu wake, tunaongea na Inshuti z'Umuryango, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kijiji hicho hicho, ambao kazi yao ni kujua nyumba gani haina amani. Mara nyingi hakuna la kuripoti. Unakaa, unakunywa maziwa, unatazama.

Nyumba niliyoizoea kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa miaka kama thelathini na tano. Siku ya kwanza alinikaribisha kwa Kiswahili, nami nikashangaa. "Nilikifundishwa na kambi," akasema. Alivuka Rusumo akiwa msichana mdogo, amepotezana na wazazi, akalelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Benako na mwanamke wa hema la jirani mpaka wakimbizi waliporudishwa Desemba 1996. Sasa naye analea mvulana wa miaka tisa aliyetoka kituoni.

Mvulana alikuwa mtiifu kupita kiasi. Chakula kikiiva haji. Anakaa nje, mikono magotini, kwa sababu maisha yake yote alikula kwa kengele, na hapa hakuna kengele. Hakuwahi kuona maharage mabichi yakichambuliwa. Na chini ya kitanda chake kulikuwa na begi la bluu, nguo zote zimekunjwa ndani, zipu imefungwa. Mama alimpigilia misumari ukutani atundike nguo. Akifua anazikunja, anazirudisha begini.

"Simlazimishi," mama akaniambia. "Hata mimi kule kambini nililala na viatu mwaka mzima."

Nilitoa kitenge changu cha pipi. Dada wa ustawi akanishika mkono. "Mpe mama," akanong'ona. "Mtoto apokee kwa anayemlea." Mama akazifungia kabatini, na jioni akampa mbili.

Wiki zikaenda. Agosti mvulana alianza kuchota maji bila kutumwa. Siku moja akagombana na mtoto wa jirani akarudi analia, tena kwa sauti kubwa, na mama akatusimulia hilo huku macho yanamng'aa kwa furaha, maana tangu aje alikuwa hajalia.

Mwishoni mwa Septemba nilikwenda kuaga. Mvulana alikuwa bado shuleni. Nikaingia chumbani kwake pamoja na mama. Shati na kaptula vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari, na chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Begi nililiona tulipotoka, limening'inia nyuma ya mlango wa jikoni, limevimba. Mama akalishusha akafungua zipu. Lilikuwa limejaa mbegu za maharage.

"Kaniletea mwenyewe," akasema. "Mvua imekaribia, na gunia langu limetobolewa na panya."