Kumbukumbu ya mradi: viputo juu ya alumini na magnesiamu

Jaribio linapima jinsi viputo vinavyozaliwa na mtetemo ndani ya maji vinavyokula alumini na magnesiamu vinapobomoka. Mpango wa kukaza sampuli kwenye ncha ya honi (fimbo ya metali inayotetema) umeachwa. Uzi wa skrubu ukichongwa kwenye magnesiamu hulegea upesi kwa mtetemo wa kilohezi 20, kiungo kinapata moto, kisha kinakatika. Sasa honi ya titani inatetema peke yake, mikromita 50 kutoka kilele hadi kilele, na sampuli ya kipenyo cha milimita 16 imetulia chini yake kwa nafasi ya milimita 0.5. Nafasi hiyo hupimwa upya kila awamu, kwani ncha ya honi nayo inaliwa. Namba za mpangilio huu zisichanganywe na za sampuli inayotetema yenyewe.

Maji yaliyokenekwa, nyuzi 25 za Selsiasi. Honi hupasha bika (chombo cha maji ya jaribio) haraka, kwa hiyo bika linakaa ndani ya beseni la maji baridi yanayozunguka. Koili ya shaba ya kupoza ndani ya bika ni kosa kubwa: ayoni za shaba zikitua juu ya alumini au magnesiamu huanzisha kutu ya vishimo, nawe utadhani ni kazi ya viputo. Maji mapya huendeshwa dakika 30 bila sampuli. Hewa iliyoyeyuka hupunguza nguvu ya viputo vinapobomoka, hivyo awamu ya kwanza ingeonyesha hasara ndogo kuliko zinazofuata.

Kwenye mizani ndiko watu hupotea. Miligramu 1 ya aloi ya alumini (gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo) ni wastani wa kina cha mikromita 1.8 kwenye uso huu, ya magnesiamu (1.8) ni karibu 2.8. Ukichora grafu ya uzito tu, magnesiamu itaonekana imara kuliko ilivyo. Chora kina.

Magnesiamu ina hila nyingine: humenyuka na maji, ikatoa hidrojeni na kuacha utando wa hidroksidi unaoongeza uzito. Kipande cha pili hukaa kwenye maji yaleyale bila mtetemo, muda uleule, kisha badiliko lake la uzito huondolewa kwenye hesabu. Hesabu hiyo ni ya makadirio tu, maana viputo vinaubandua utando na kutu inaanza upya.

Kukausha: asetoni, hewa ya uvuguvugu, kisha kupima hadi vipimo viwili vitofautiane chini ya miligramu 0.1. Vishimo hushika maji kuliko inavyodhaniwa.

Awamu za mwanzo ni dakika 5. Zikiwa ndefu, kile kipindi cha kimya kabla metali haijaanza kumeguka kinapita bila kuonekana.