Ng'ombe wa mama mmoja

Tangu Jumapili nabishana na Ba'mkubwa kichwani, na mwenyewe hata habari hana.

Nilikuwa naangalia "Come and See", ile sinema ya Kisovyeti ya 1985 ya Elem Klimov. Mvulana wa Belarusi anajiunga na wapiganaji wa msituni, mwaka 1943. Watu husifia milio ya risasi. Mimi kilichonimaliza ni uso wa yule kijana, Aleksei Kravchenko, unavyozeeka huku unauangalia. Ba'mkubwa akaingia pale ng'ombe anapopigwa risasi usiku, kijana akajibanza kwenye mzoga mpaka kunakucha, ukungu umetanda.

"Hawakumla?"

"Hawakuwahi, Ba'mkubwa."

"Sisi tulimla."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa mama mmoja." Kisha akauliza kama umeme wa Luku utafika taarifa ya habari.

Basi, ikawa imeisha hivyo. Vita vya Kagera, vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, tumekua navyo nyumbani: Ba'mkubwa alivyochukuliwa mgambo, daraja la Kyaka lililovunjwa, Kampala kuanguka Aprili 1979. Nikiamshwa usiku nawasimulia yote. Huyo mama hajawahi kuwamo. Alikuwa upande gani wa mpaka? Aliwapa, au walijichukulia? Alikuwepo wakichinja? Napima kitambaa dukani, mteja anauliza bei, mimi niko Kagera.

Sinema niliimalizia peke yangu. Mwishoni kijana anaifyatulia risasi picha ya Hitler, miaka inarudi nyuma, mpaka Hitler anakuwa kitoto kimepakatwa na mama yake. Hapo bunduki inanyamaza. Nikasema, jamani, tena mama.

Jana tumepokea posa ya mdogo wangu, mahari wameelewana. Wageni wakamchokoza Ba'mkubwa, nani asiyemjua! Akainuka na mkongojo wake, akapiga saluti, akamwiga Mwalimu Nyerere akitangaza vita, uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo, sebule nzima hoi. Nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Zamani alikuwa anaisimulia kwa hasira. Siku hizi anaisimulia kwa raha, na ilimpendeza kweli. Nilimsubiri afike kwa ng'ombe. Hakufika. Aliomba aongezewe nyama kwenye pilau, nikampelekea mwenyewe.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni mwenye fremu ninayopanga duka. Mkataba unaisha mwezi huu, ujumbe wangu ameusoma na hajajibu, na jirani yangu wa cherehani aliponyamaziwa hivyo, kumbe mpangaji mpya alishalipa.