Kumbukumbu ya mradi wa kusikiliza: nota nane za Brahms zimekubali

Imekubali! Simfoni namba 4 ya Brahms, sehemu ya nne, leo nimeifuata toka tromboni za mwanzo mpaka akodi ya mwisho bila kupoteza hata raundi moja, yaani kila mara zile nota nane za msingi zinapojirudia, na lazima niandike saa hii hii kichwa kikiwa bado cha moto maana hii sehemu moja imenila muda kuliko vitu vingine vyote kwenye mradi wangu huu wa kujifunza kusikiliza klasiki ukivijumlisha.

Kwa asiyeijua hii kazi, msingi wake ni huu. Nota nane, kila baa nota moja, mita ni tatu kwa nne yaani biti tatu kila baa, kwa solfa ni la ti do re ri mi mi la, hiyo mi ya pili inadondoka oktavu nzima halafu la inarudi palepale ilipoanzia. Basi, malighafi ndo hiyo tu. Juu yake zinakuja raundi 30 na koda, yaani kimalizio. Msingi wake Brahms kautoa kwenye kantata ya Bach, ile BWV 150 (BWV ni namba za orodha ya kazi za Bach), ila hiyo ri kaichomeka mwenyewe, na kwa sikio langu utamu wote uko hapo kwenye ri, ndo nota inayozuia ngazi isipande kirahisi, inakuna. Na zile tromboni zinazoitangaza zimekaa kimya sehemu tatu nzima zikisubiri hii tu! Yaani mtu kabeba chombo chake jukwaani kakaa zaidi ya nusu saa, halafu kazi yake ya kwanza ni kufungua hiki kitu. Naipenda sana hiyo roho.

Sasa tatizo. Raundi za mwanzo ziko wazi. Ya nne vayolini zinaingia na melodi mpya nzito, sikio lote linavutwa huko juu, kumbe nota nane zimeshuka kwenye selo na kontrabesi. Hapo sikuhangaika, mimi nimetokea kwenye hip hop na rumba, kitu cha kwanza naskiliza ni besi, na lupu ni lupu tu hata ikipigwa na watu 80. Hii ndo njia iliyonifungulia klasiki kwa kweli. Miaka yote naambiwa sikiliza melodi, sikiliza hisia, fikiria mandhari, nikawa nasinzia. Siku nilipoanza kuuliza "nini kinajirudia hapa chini" mlango ukafunguka.

Lakini pale kwenye filimbi palikuwa pananikatalia. Raundi ya 12. Okestra yote inanyong'onyea, inabaki filimbi moja inalia peke yake, chini kuna pumzi pumzi za vayolini na honi, na hesabu yangu inasambaratika. Raundi zote 11 kabla yake ni biti 24, tatu mara nane, unafika 24 raundi inageuka, haikosi. Ukiingia kwenye filimbi unafika 24 na filimbi bado iko katikati ya sentensi yake, haijamaliza hata kuvuta pumzi. Unaendelea kuhesabu, huku tayari umepotea, na kuanzia hapo mpaka nota nane zirudi kwa kishindo hujui uko raundi ya ngapi. Nikajaribu kuhesabu taratibu kwa sababu inaskika kama mwendo umepungua nusu, haikukaa. Nikajaribu kuitupia kwenye programu ya kutengenezea biti niweke gridi, gridi haishiki kabisa, simfoni kama hii hairekodiwi na kliki, yale mapigo ya mashine, kondakta anavuta na kuachia kila baa mbili tatu na mistari yote inahama. Niliiacha nikarudi nikaiacha. Ilikuwa inanikera mpaka nikioga naiimba.

Kilichofungua ni kitabu cha nota. Kiko IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, bure kabisa, Brahms alifariki 1897 kwa hiyo hakuna wa kukudai chochote, unapakua unafungua baa ya 97. Na pale pale kwenye baa ya 97 kuna kitu kidogo kimechapwa ambacho ndo jibu zima: mita inabadilika kutoka tatu kwa nne kwenda tatu kwa mbili, na juu yake ameandika robo ni sawa na robo, robo ndo nota ya biti moja. Umeona? Biti haijapungua mwendo hata kidogo! Kilichobadilika ni baa, imekuwa ndefu mara mbili. Baa bado ni nane, ila kila moja sasa ina robo sita badala ya tatu. Kwa hiyo raundi ya filimbi ni biti 48, sio 24, na unachotakiwa kufanya ni kuacha mguu ugonge ileile ya mwanzo, usiuguse, halafu unahesabu moja mpaka sita kwa kila nota. Baa ya 97 mpaka 104 filimbi. Kuanzia 105 inageuka E meja na ghafla kama kuna mwanga, 113 tromboni zinarudi kwa upole kama kwaya, 121 raundi ya mwisho ya zile ndefu, halafu 129 paaa, tatu kwa nne imerudi na nota nane ziko juu tena kama mwanzo. Raundi nne ndefu, 12 mpaka 15, hizo ndo zilikuwa zinavuruga hesabu yote.

Kinachonifurahisha ni kwamba huo ulegevu unaouskia pale ni wa kutengenezwa. Robo zinatembea vilevile lakini mabadiliko ya akodi yanachelewa mara mbili, sikio linasema "tumepunguza mwendo" wakati mguu unasema hapana. Maprodyuza wa trap wanaijua hii, haiheti (matoazi) zinakimbia huku snea (ngoma kali ya kijiti) imekaa nusu. Brahms kaifanya 1885 na filimbi.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu: makondakta wengi wanalegeza kweli hapo, kwa hiyo robo si robo ileile kabisa na mguu wako utagombana nao. Mimi nimeshinda na rekodi ya Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic ya 1980 kwa sababu anabana, mvutano hauachii hata kwenye filimbi. Ukishaiweza kwa Kleiber ndo uende kwa wale wanaovuta, utawafuata tu.

Kuhusu vifaa, kwa kazi hii Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, inatosha na kubaki. Unasikiliza, kila raundi ikigeuka unabonyeza Ctrl na M inaweka lebo hapohapo wimbo ukiendelea, ukimaliza una ramani nzima ya raundi chini ya wimbo. Kupunguza mwendo bila kugusa pichi inaweza, ila kwa okestra usishushe sana, vayolini zinaanza kuskika kama ziko ndani ya maji na besi inapoteza kingo, na besi ndo tunayoitafuta. Hedifoni ziwe za waya na zisiwe zile zilizotiwa besi kiwandani, kontrabesi zikivimba zinafunika selo na huwezi kujua nani kashika nota. Zima pia kile kitu cha kusawazisha sauti kwenye simu. Tofauti ya filimbi kule chini na baa ya 129 ikilipuka ndo nusu ya maana ya kipande, ukizisawazisha umeua.

Na hizi apu za kustrimi, jamani. Zimejengwa kwa ajili ya msanii mmoja wimbo mmoja, basi. Mtunzi unamkuta sehemu ya msanii, mara kondakta ndo msanii, mara okestra, sehemu nne za simfoni zimekatwa kama nyimbo nne halafu apu inazichanganya yenyewe, unapata sehemu ya tatu ya huyu ikifuatiwa na ya kwanza ya mwingine. Inaudhi kwa sababu mtu mgeni akikutana na hiyo anadhani klasiki ndo ilivyo, vipande visivyo na kichwa wala mkia. Faili zangu nimeziandika upya zote: mtunzi kwanza, halafu kazi, halafu kondakta na mwaka wa kurekodi, na mapengo kati ya sehemu nimeondoa.

Mpango wa awali ulikuwa nikitoka Brahms niende kwa mpangilio, nirudi baroko, klasiki, nipande polepole mpaka karne ya 20. Naona hautatimia, maana tangu filimbi ikubali nimeanza kufukuza kitu kingine, vitu vyote vinavyojirudia chini, vya aina yoyote ya muziki, kwenye orodha moja. Na inakaa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Purcell, ule wimbo malkia Dido anaouimba kwenye opera kabla hajafa: besi ya baa tano inashuka nusu toni nusu toni, mwimbaji wala haanzi wala hamalizi pamoja nayo, anapita juu ya maungio. Ukifuata besi unaskia mtu anayekataa kutulia. Baada yake naweka Boléro ya Ravel, 1928, snea ina baa mbili zilezile mwanzo mpaka mwisho wakati kila kitu juu yake kinanenepa, halafu karibu na mwisho anahama kutoka C kwenda E na unashtuka kama umesukumwa. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikuwa Bombay anarekodi, nikiziweka pamoja hizo mbili nabaki nashangaa masikio yalikuwa yanaenda wapi na wapi mwaka mmoja. Halafu sebene ndefu yoyote ya TPOK Jazz, bendi ya rumba ya Franco wa Kongo. Hapa ndo nimegundua kitu: gitaa la mi-solo, lile la katikati kati ya rizimu na solo, ndo lililonifundisha kuskia viola, ile ya kati kati ya vayolini na selo. Ukiweza kulifuata mi-solo huku solo inapiga kelele juu, viola na honi za Brahms hazikupi shida, zinakaa kwenye kimo kilekile cha sikio. Kwa hiyo anayesema rumba ni ya kuchezea na klasiki ndo ya kusikiliza mimi simwelewi kabisa. Music for 18 Musicians ya Steve Reich nayo imeingia, na yeye 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma kabla hajaandika hiyo, inaskika.

Passacaglia (kazi iliyojengwa juu ya besi inayojirudia) ya Bach ya ogani, BWV 582, imekubali mara moja kwa sababu ni baa nane na inaanza na pedali peke yake, huwezi kuikosa. Inayonikatalia sasa hivi ni sehemu ya tatu ya konseto namba 1 ya vayolini ya Shostakovich. Nayo ni passacaglia, selo na kontrabesi chini, honi juu yake, lakini mzunguko wake ni baa 17. Kumi na saba! Haigawanyiki kwa chochote, nane nane inakupa moja ya ziada kila raundi na vayolini anaingia pale ambapo kichwa kinasema bado. Lebo nimeshaanza kuweka, raundi mbili za kwanza ziko sawa, ya tatu naiskiliza tena usiku huu.