Ukufunzi wa farasi wa mbio Uingereza: kwa vijana wa Mtwara na Lindi wanaouliza

Ndugu zangu wa Kusini, wengi mnauliza kama kazi ya farasi huku Newmarket ina maisha. Inayo, ila anayeota kuwa mkufunzi aanze kuijua miguu ya farasi, kupanda kutafuata. Kwetu mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, hawakuwahi kumpa farasi nafasi, kwa hiyo kijana wa Newala au Kilwa hufika hajawahi hata kumshika. Hilo lisiwatie hofu, maana kazi hii hujifunzwa kwa kiganja.

Newmarket ni mji mdogo wenye karibu farasi 3,000 walio mazoezini. Kazi huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza angalia hori: farasi aliyebakiza chakula cha usiku ana jambo. Pima joto la mwili. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Kisha chuchumaa kando yake, usipige goti, maana akishtuka hutapata muda wa kuruka kando. Teremsha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kuanzia goti hadi kifundo, ukilinganisha kushoto na kulia. Kano, yaani ukamba mgumu unaounganisha msuli na mfupa, ikiwa na afya ni ya baridi, imekaza, na kingo zake zinashikika. Ukisikia joto au uvimbe kidogo tu, farasi huyo hatoki, hata kama hachechemei. Damu inayofika kwenye kano ni kidogo, ndiyo maana ikichanika farasi hukaa miezi 9 hadi 12 au zaidi bila mbio, na wengi hawarudi walivyokuwa. Wenye mikorosho mnaelewa: ukingoja ubwiriunga, ule ukungu mweupe, utapakae maua yote ndipo upulize salfa, msimu umekwenda.

Chakula nacho kina hesabu. Farasi wa kilo 500 tumbo lake ni dogo kuliko umbo linavyodanganya, na hawezi kutapika. Nafaka igawanywe mara tatu au nne kwa siku, kila mlo usizidi kilo 2 na kidogo. Ukimzidishia, wanga huchachia kwenye utumbo mpana, na hapo unapata msokoto wa tumbo au kwato zinazowaka kwa uvimbe wa ndani. Akianza kuparapara chini, kugeuka kutazama ubavu wake na kutaka kugaragara, ondoa chakula, ita daktari. Ukibadilisha chakula, badilisha kidogo kidogo kwa wiki nzima au zaidi. Majani makavu huloweshwa, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu.

Kipimo cha mkufunzi mwenyewe ni subira. Farasi wote wa mbio wa nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa kuongeza mwaka Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Mei hupangwa na wa Februari huku mifupa yake ikiwa bado changa. Mwenye farasi anataka mbio. Mkufunzi mzuri humwambia tungoje, hata akijua anaweza kumkosa mteja.

Tena jihadharini na dawa. Sampuli ya farasi ikikutwa na kitu kilichokatazwa, anayejibu ni mkufunzi. Kafeini ya kahawa na theobromini ya chokoleti hugundulika, kwa hiyo usile wala kunywa karibu na hori. Usikojoe kwenye maranda ya banda: ukiwa unatumia dawa, farasi akila maranda hayo dawa humwingia.

Ngazi ni mtunza farasi, mpanda wa mazoezi, mkuu wa watunzaji, msaidizi wa mkufunzi, ndipo leseni ya mamlaka ya mbio, BHA, ambayo hudai kozi, ukaguzi wa mabanda na ushahidi wa fedha. John Gosden, mkufunzi maarufu wa hapa Newmarket, ni mtoto wa mkufunzi, na bado alikuwa msaidizi wa wakufunzi wakubwa Noel Murless na Vincent O'Brien kabla ya kuanza kwake California mwaka 1979. Msiruke ngazi.

Na kuhusu mawakala wanaoahidi kazi za huku: mwajiri wa Uingereza hawezi kukudhamini kazi bila leseni ya udhamini, na orodha ya wenye leseni hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Tafuta jina la zizi humo kabla hujatuma hata shilingi. Jina lisipokuwepo, fedha za korosho zibaki nyumbani.