Uzi wa Juu

Desemba ile kina mama walianza kupita na vitambaa vya sare kama miaka yote, vyeupe vya mashati na vya bluu vya sketi, na kama miaka yote wakauliza, "Fundi yupo?" Wifi alikuwa ameshachoka kujibu. Fundi alikuwepo. Alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, ameoga, amevaa shati safi, na ukimsalimia anakujibu vizuri tu. Ndiyo maana walishindwa kuelewa kwa nini kazi zao hazipokelewi.

"Kwani si alishapona?"

Neno hilo lilitutesa. Watu wote wa mtaa wetu wa Mbagala walikuwa wamemwona kaka akishuka kwenye teksi kwa miguu yake mwenyewe, mwezi Septemba, kichwa kimenyolewa na kovu limezunguka juu ya sikio kama kwato ya punda. Wakaja na sukari, wakaja na kuku. Amepona, Mungu mkubwa. Wakaondoka, tukabaki naye.

Ajali yenyewe ilikuwa ya Agosti. Pikipiki aliyopanda iligongana na bajaji karibu na Rangi Tatu. Kofia ngumu ya abiria ilikuwepo, imetundikwa kwenye usukani. Kaka aliinuka, akajipangusa vumbi, akamlipa bodaboda nauli yake yote (huyo ndiye kaka yangu), akatembea hadi zahanati. Wakamsafisha mchubuko, wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia akapumzike. Akaja nyumbani akala ugali kwa dagaa, akatutania. Magharibi akasema kichwa kinamgonga. Saa mbili usiku akatapika, akalala, na wifi alipokwenda kumwamsha hakuamka.

Pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, daktari alituonyesha picha ya siti-skani: fuvu limekatwa kama nazi, na upande mmoja kuna doa jeupe limetuna kuelekea ndani. Mshipa ulikuwa umepasuka chini ya mfupa, damu ikawa inajikusanya taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Zile saa za ugali na utani, alisema, ndizo saa ambazo damu ilikuwa bado haijaubana ubongo. Fuvu halitanuki. Damu ikizidi, kinachosogea ni ubongo.

Kwenye faili waliandika 8 chini ya 15. Nikauliza maana yake. Macho yana alama 4, kauli 5, viungo 6. Mtu mzima wa afya anapata zote 15, na kuanzia 8 kushuka jeraha linahesabiwa kubwa. Nikauliza asiyefanya lolote anapata ngapi. Tatu, akasema. Haianzii sifuri. Sijui kwa nini hesabu hiyo ilinikasirisha vile, nikiwa nimesimama kwenye korido na kandambili za watu wawili tofauti miguuni.

Walimpasua usiku huohuo, damu wakaitoa. Asubuhi daktari akatuita tena. "Sehemu ya mbele ya ubongo nayo imechubuka. Hiyo hatuipasui. Hiyo tunaisubiri."

Hatukujua tunasubiri nini. Mkono wa kulia uliokuwa mzito ulirudi kwa mazoezi, na tulipoona umerudi tukadhani ndiyo kusubiri kumekwisha. Kumbe. Kaka mpole aliyekuwa hapandishi sauti hata kwa mteja asiyelipa, sasa alirusha sahani kwa sababu mtoto amekohoa. Alicheka msibani. Alimtuhumu wifi kuwa ameuza mkasi wake, na mkasi uko mezani mbele yake. Anakwenda kununua mkate, anarudi na betri, au harudi mpaka afuatwe. Baba mdogo akasema wazi kwamba haya si ya hospitali, kuna mtu kamtupia kitu. Sikumbishia sana. Kwa kweli, ukimtazama mtu mwenye uso wa kaka yako na hasira za mtu usiyemjua, maneno ya baba mdogo yanakuwa na mantiki kuliko ya daktari.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja wa idara ya utengamao, mdogo kuliko mimi, tuliyekuwa tukimpelekea kaka kila wiki mbili. Alinieleza kwamba sehemu ile ya mbele ndiyo inayopanga: nini kianze, nini kifuate, lipi liachwe, lipi lisisemwe. Ikichubuka, mtu anabaki na maarifa yake yote ila hana wa kuyapanga foleni. Akasema nafuu huja haraka zaidi miezi sita ya mwanzo, kisha polepole, hata miaka miwili na kuendelea, kwa hiyo nisihesabu siku. Alale vya kutosha, pombe asiguse, apewe jambo moja kwa wakati mmoja, na kazi ndefu tuikate vipande. "Huyu ni fundi cherehani? Basi mrudisheni kwenye cherehani. Mazoezi gani tena mnayatafuta?"

Ndiyo ikafika Jumamosi ile. Nilichukua boksi la sabuni, nikakata kipande, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: 1. Jaza bobini. 2. Weka bobini chini. 3. Pitisha uzi wa juu. Mpaka namba nane. Nikakibandika ukutani mbele ya cherehani, nikajiona mwalimu. Wifi akaleta kitambaa cha sketi ambacho tayari nilikuwa nimekikata mimi. Kaka akakaa, akaweka miguu kwenye kanyagio.

"Haya kaka, namba moja. Bobini hiyo hapo. Unaiona? Bobini. Unaanza na bobini, kaka."

Aliishika bobini kwa vidole viwili, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho. Akasoma karatasi. Akatazama bobini. Kwenye kibanda cha miamala pale nje spika ilikuwa inapiga muziki toka asubuhi, wateja wanabishana, na mimi juu yake, "taratibu kaka, hamna haraka, namba moja tu, hujakosea." Jasho likamtoka puani. Nikaona taya linakaza. Akaufagia mkasi, chaki na kopo la vifungo vyote kwa mkono mmoja, vifungo vikatawanyika mpaka chini ya kitanda.

"Nyamaza!"

Nikanyamaza. Wifi akatoka akamwomba kijana wa kibandani azime spika, na namshukuru yule kijana, alizima bila kuuliza. Mimi nikapiga magoti nikawa naokota vifungo, kwa aibu zaidi kuliko kwa kuvihitaji. Nikiwa chini nikasikia gurudumu la cherehani linazunguka.

Sikuinua kichwa mara moja. Nilipoinua, bobini ilikuwa imejaa nusu. Hakuwa anatazama karatasi yangu. Wala hakuwa anatazama mikono yake. Macho yalikuwa mlangoni. Mkono wa kushoto ukachomoa bobini, ukaidumbukiza mahali pake, ukavuta kamlango kakafunga. Akaramba ncha ya uzi, akaikata kwa jino, na uzi ukapita kwenye vijishimo vyake vyote mpaka tundu la sindano, bila kusita. Akaweka kitambaa, akashusha mguu wa cherehani, akaanza pindo.

Dakika ishirini. Nilitazama saa. Kisha akasimamisha miguu, akainama, akalaza shavu juu ya kitambaa. Binti yule alikuwa ameniambia kuhusu uchovu huo pia, kwamba ubongo uliojeruhiwa unachoka kwa kazi ambayo sisi hata hatuiiti kazi. Tukamsaidia mpaka kitandani. Nikabandua kile kipande cha boksi nikakitia jikoni kuwashia moto.

Aliamka alasiri, akaja akasimama mezani. Akaishika ile sketi.

"Nani kashona hii?"

Wifi akanitazama. "Wewe, baba."

Hakuamini, na hakubisha. Akaigeuza ndani nje, akapeleka pindo kwenye mwanga wa dirisha, akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada polepole, kama alivyokuwa akifanya kwa kazi za vijana aliowafundisha.

"Kwa ndani kuna vitanzi," akasema. "Huyu fundi uzi wake wa juu umelegea."

Akanyoosha mkono kwenye kinobu cha kukazia uzi, akakizungusha nusu.