Moshi wa mwembe

Jirani leo kachoma majani ya mwembe, moshi ukaingia mpaka jikoni, na mimi badala ya kufunga dirisha nimebaki nimesimama na mwiko mkononi, maharage yanaungua. Moshi huo ni Bagamoyo kabisa. Ni tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, mimi na Bibi na fagio la chelewa.

Kwenye makaburi ya mapadre wa misheni tulikuwa tunapita tu. Pale misalaba imepangwa mistari, majina yapo, miaka ipo, na mimi nilikuwa najifunzia kutoa humo humo, mwaka wa kufa toa wa kuzaliwa, wengi hata arobaini hawafiki. Bibi akasema homa. Walifika 1868, homa ikawapokea.

Wetu walikuwa kwenye majani huko, wale waliokombolewa utumwani, wengi wakiwa watoto, misheni ikawapa jina la ubatizo na jembe. Walilima wao, walijenga wao. Wageni wanataka kuonyeshwa mnara ilipolazwa maiti ya Livingstone 1874, mtu aliyekuwa anapita tu, hawa walioishi pale nani anawauliza? Msalaba wa mbao na mchwa wapi na wapi.

Basi Bibi akafika kwenye tuta moja, kichwani jiwe la matumbawe, halina hata herufi. Akavua kandambili. Akafagia taratibu, akang'oa majani kwa mkono, akachomeka mshumaa, upepo wa bahari ukauzima, akawasha tena, akaukinga na khanga mpaka kiberiti kikabaki njiti moja.

"Huyu bibi yake mama."

Nikamuuliza umejuaje na hapajaandikwa kitu? Kimya, hadi nta ikamdondokea kidoleni.

"Mke mwenzangu, mama alikuwa akifagia la kule penye mkorosho. Mkorosho ukakatwa, alama ikanipotea. Nikachagua hili. Kwani wewe umeona mwingine analifagia?"

Nikacheka, akanifinya.

Sasa Bibi mwenyewe yuko huko huko, ana msalaba wa simenti, jina mpaka tarehe. Mwaka juzi nilimsafishia halafu nikaenda kulitafuta lile la jiwe, nikakuta yako mawili yanafanana, na kila nikikumbuka alikokuwa amesimama napata jibu tofauti. Nikayafagia yote. Mshumaa nilikuwa nao mmoja, nikaukata kwa meno.